Vipini vya Miswaki

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, kikanyamaza, kisha kikaanza kuzunguka polepole. Ionie alikuwa amegeukia ukutani, macho wazi, akikisikiliza. Kulikuwa hakujapambazuka. Mumewe, Everard, alikuwa akikoroga kakao gizani kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Tabia hiyo aliianza zamani, alipokuwa dereva wa basi la alfajiri kule Brooklyn, na kustaafu hakukumwachisha. Hata humu melini, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, alikuwa ameamka, akapanda mpaka ghorofa ya chakula kuomba maji ya moto, akarudi kukwangua kipande cha kakao ya kwao St. Vincent alichokisafirisha ndani ya soksi.

"Najua umeamka," Everard alisema bila kugeuka.

"Nimelala."

"Basi leo nimeona maajabu. Mtu amelala na anajibu."

Akamletea kikombe kitandani, akakishika mpaka alipohakikisha vidole vyake Ionie vimekizunguka vizuri. Wakanywa. Sakafu ilikuwa ikitetemeka kidogo chini ya miguu yao, kwa maana meli ilikuwa imeanza kupunguza mwendo. Kisiwa cha Bonaire kilikuwa mbele. Wangefika asubuhi, na jioni kabla ya jua kuzama meli ingekwisha ondoka.

"Umeogopa?" Everard aliuliza.

"Naogopa kitu kimoja tu," Ionie alisema. "Nisije nikafika halafu nisiione bustani ya mwanangu."

Everard alikoroga kakao yake tena, ingawa ilikuwa imeshakorogeka.

Ionie hakuwa mtu wa bahari. Alizaliwa kijiji cha mlimani, na mama yake alikuwa akimpapasa upindo wa gauni kila akirudi nyumbani. Ukikutwa una chumvi, fimbo inashuka. Akakua akiitazama bahari kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani, kwa mbali, na mlango ukiwa karibu. Kisha Mungu akampa mtoto mmoja, Alston, na mtoto huyo akapenda maji kuliko nchi kavu. Alston alikwenda Bonaire kwa likizo ya wiki mbili akiwa kijana, na likizo hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Kazi yake ilikuwa kulea matumbawe. Alikata vipande vidogo vilivyo hai, akavitundika majini kwenye miti ya mabomba ya plastiki yenye matawi, kama mtu anayeanika nguo. Vikikua, alivipandikiza penye miamba iliyokufa. Ionie alimwelewa nusunusu. Kila Krismasi walipokuwa wakijaza pipa la kumpelekea, lile pipa ambalo kila mtu wa visiwani aliyeko Brooklyn hulijaza kwa ajili ya watu wake, mchele, mafuta, sabuni na samaki wa kopo, Alston alikuwa akiomba kitu kimoja tu: miswaki ya watoto, mingi kadiri itakavyowezekana.

Kwa muda mrefu Ionie aliamini kuna watoto maskini mahali fulani ambao mwanawe anawatunza. Alikuwa akiwachagulia rangi nzuri: zambarau, chungwa, kijani cha ndimu. Siku aliyouliza watoto hao wana umri gani, Alston alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Mama, nasugulia matumbawe! Mwani ukiyafunika yanakosa pumzi. Mswaki wa mtoto una kichwa kidogo, unaingia kila pembe."

"Na mimi nilivyokuwa nachagua rangi!"

"Rangi zina kazi. Mswaki ukichakaa siutupi. Nakata kipini, nakitundika kwenye mti kiwe alama. Kila mti wangu una kipini chako. Watoto lazima wamjue bibi yao."

"Hao ndio wajukuu uliowaona wananifaa?"

"Ndio hao. Njoo uwaone."

"Nikiota mapezi nitakuja," Ionie alimjibu. Na kila mwaka alimjibu hivyo hivyo.

Miaka yote aliiogopa bahari kwa niaba ya mwanawe, lakini bahari haikumgusa. Alston aligongwa na gari asubuhi moja akiwa kwenye pikipiki yake, nchi kavu, njiani kwenda kazini. Walimzika kijijini St. Vincent, karibu na bibi yake aliyekuwa akipapasa gauni. Wakarudi Brooklyn. Krismasi ilipokaribia, Ionie aliingia dukani kununua dawa ya kifua, akajikuta kwenye foleni na kikapu kimejaa miswaki ya watoto. Mwenye duka alitoka nyuma ya kaunta, akamtolea kiti chake mwenyewe, akawaambia wateja wengine wasubiri. Ionie hakumsahau mtu yule kwa kiti kile.

Wiki iliyofuata alikwenda kujiandikisha darasa la kupiga mbizi.

"Kwa umri huu?" Everard alishangaa. "Magoti hayo hayo yanayolalamika ngazini?"

"Majini hakuna ngazi."

Everard alizunguka nyumba siku nzima akinung'unika, na jioni akaenda kujiandikisha naye. "Siwezi kukuacha uzame peke yako," alisema. "Nani atanipikia?"

Walijifunza kwenye bwawa la kuogelea pamoja na vijana waliokuwa wakiwaita babu na bibi. Lililomshinda Ionie zaidi ni kuijaza maji miwani ya kuzamia, kisha kuyatoa kwa kupuliza puani, macho yakiwa wazi. Kila alipojaribu aliibuka akikohoa. Mwalimu wao, binti mwenye shanga miguuni, hakumkaripia hata mara moja. Alishuka naye, akajaza maji miwani yake mwenyewe, wakakaa wote wawili chini pale wakitazamana bila kuona kitu, mpaka woga ukaisha. Kisha wakaenda kufanyia mtihani kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji baridi kama barafu, wakatoka midomo imekuwa ya buluu na vyeti mkononi.

Sasa meli ilikuwa imefunga gati, na Edsel alikuwa akiwasubiri.

Edsel alifanya kazi na Alston miaka yote ile, na Alston alipanga chumba cha uani kwa mama yake Edsel. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alimkumbatia Ionie bila haraka.

"Tanta Ionie," alisema. Tanta ni shangazi katika lugha yao, na hivyo ndivyo kisiwani wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. "Una kidevu chake. Yaani yeye ndiye alikuwa na chako."

Alimgeukia Everard, wakashikana mikono. Ionie aliona walivyotazamana, kisha kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kutazama. Alidhani ni haya ya wanaume wanaozuia machozi.

Kwenye mashua Edsel alikuwa ameweka mto juu ya benchi la mbao kwa ajili yake. Miungano ya mabomba ya hewa alikwisha ikagua mwenyewe. Walipofika upande wa kisiwa kidogo kinachokabili bandari, Ionie na Everard walikaguana kama walivyofundishwa, kila mmoja akipapasa vya mwenzake: jaketi la hewa, mkanda wa uzito, vifungo, mtungi.

"Kifungo hiki kimekaza?" Everard aliuliza.

"Kimekaza. Ni tumbo lako ndilo limelegea."

"Tumbo hili ni kazi ya mikono yako. Usilikane."

Edsel alicheka. Wakaingia majini.

Ionie aliteremka taratibu akishika kamba ya nanga, pumzi yake ikivuma masikioni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na meupe kiasi kwamba aliona mchanga chini kama sakafu iliyofagiwa. Kisha akaiona ile miti. Ilisimama katikati ya maji, imefungwa chini kwa kamba na kushikiliwa juu na maboya, na kwenye kila tawi vilining'inia vipande vya matumbawe vya rangi ya asali, vyenye ncha nyeupe kama kucha za mtoto mchanga. Samaki wadogo walipita katikati. Edsel alionyesha kwa mkono wake wazi, kisha akauweka mkono huo kifuani: hii hapa, ya Alston.

Ionie alikaribia mpaka pua ya miwani yake ikawa karibu kugusa tawi. Alitafuta zambarau. Akaenda mti wa pili akatafuta chungwa. Wa tatu, kijani cha ndimu. Kila mti ulikuwa na kibandiko cheupe cha plastiki chenye namba, kipya na safi. Hakukuwa na kipini hata kimoja.

Chini ya maji hakuna maneno. Hakuweza kuuliza. Aligeuka akamtafuta Everard, akamkuta karibu sana, anamtazama yeye na si matumbawe. Nyuma ya kioo macho ya mumewe yalikuwa makubwa, na yalikuwa yakimwomba kitu. Watu walioishi pamoja muda mrefu hawahitaji maneno mengi. Ionie aliunganisha kidole na dole gumba kufanya duara, ishara ya kusema yuko salama, na mume wake akafunga macho kwa nguvu.

Waliporudi juu ilibidi wapumzike kabla ya kuzama tena. Edsel alikata machungwa akawapa. Ionie alikula kipande kizima kwanza, akafuta mikono.

"Hiyo haikuwa ya Alston," alisema.

Edsel aliacha kisu hewani. Everard aliangalia chini kwenye vidole vyake vya miguu.

"Miti ya nani ile, Edsel?"

"Ya wanafunzi wa shule, Tanta. Wameipanda mwaka huu." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Nisamehe."

"Usimlaumu yeye," Everard alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia, mwonyeshe yoyote iliyo nzuri, hatajua."

"Ya Alston iko wapi?"

"Ionie, mpenzi wangu."

"Iko wapi, Everard?"

Everard alivuta pumzi. "Imekufa. Yote. Kiangazi cha mwaka jana maji yalipata joto, yakawa kama ya kuogea. Matumbawe yakageuka meupe, baadaye yakafa. Edsel aliwahi kuhamisha machache kwenye maji ya kina, nayo hayakupona. Alinipigia simu. Niliipokea nikiwa chini kule tunakofulia nguo."

Ionie alikumbuka. Siku ile Everard alipanda na nguo zikiwa bado zinachuruzika, akasema mashine imeharibika. Alikuwa amemcheka. Alimwita mzee asiyejua kubonyeza kitufe. Na yeye akakubali kuchekwa, akachukua beseni, akaanza kuzikamua kwa mikono.

"Tangu kiangazi," alisema.

"Ulikuwa umeanza kula vizuri. Ulikuwa unakwenda bwawani unaimba. Ningekwambiaje?"

Hasira ilimpanda Ionie. Alikuwa na haki nayo. Alikuwa amevuka bahari aliyoiogopa maisha yake yote, halafu anaonyeshwa mtoto wa mwenzake na kuambiwa huyu ndiye wako. Alifungua mdomo aiseme. Lakini alipomtazama mumewe, mabega yaliyojikunja ndani ya suti ile ya mpira kama ya mtoto aliyekosa, akaona jambo jingine. Kila kitu alichokiacha mtoto wao kilikuwa kimekufa, na baba yake aliubeba msiba huo wa pili peke yake mwaka mzima, akikoroga kakao vikombe viwili kila alfajiri.

"Na umelia na nani?" alimuuliza.

Everard alitikisa kichwa tu.

Ionie alisogea, akakaa karibu naye mpaka mapaja yakagusana. Mashua iliwapembeza. Edsel alijifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku la vifaa.

"Bado ipo?" Ionie aliuliza. "Miti yenyewe?"

"Ipo, Tanta. Tulikubaliana tuiondoe miti yote iliyokufa. Ya wengine niliiondoa. Ya Alston, kila nikienda mkono haufiki."

"Nipeleke."

"Si kitu cha kumwonyesha mama."

"Mwanangu, nimemwosha Alston kwa mikono hii kabla hajazikwa. Nipeleke."

Miti ya Alston ilikuwa upande wa pili, na haikuwa na kina kirefu. Waliteremka pamoja, Everard akiwa amemshika mkono. Ionie aliiona mapema kuliko alivyotarajia, kwa sababu haikuwa na mng'ao wowote. Ilisimama kwa safu, kimya. Matawi yalikuwa yamefunikwa na mwani wa kahawia wenye manyoya, na vile vipande vilivyobaki vilining'inia kama mifupa ya kuku iliyosahaulika sahanini. Hakuna samaki aliyekaa pale.

Lakini kwenye shina la kila mti, chini ya mwani, kulikuwa na rangi. Alipangusa kwa dole gumba. Zambarau. Alikumbuka duka alikoununua, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Mti wa pili, chungwa. Wa tatu, kijani cha ndimu. Aliendelea hivyo, mmoja hadi mwingine, akipangusa. Alikuwa amewachagulia rangi nzuri, na mwanawe hakutupa hata mmoja.

Machozi yalipoanza, hayakuwa na pa kwenda. Yalijaa ndani ya miwani mpaka kila kitu kikawa ukungu. Aliinua uso kidogo, akabana kioo kwenye paji la uso, akapuliza puani kama alivyofundishwa. Yakatoka, akaona. Yakajaa tena. Akapuliza tena. Kifua kilikuwa kikimpanda na kushuka, na kila kwikwi ilimeza hewa nyingi. Mtu anayelia hutumia hewa kuliko anayekimbia, na mpiga mbizi mgeni halijui hilo mpaka limkute.

Edsel aliishika geji ya Ionie, kile kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, akaitazama, kisha akamtazama usoni. Mshale ulikuwa umeshuka vibaya. Sheria ni moja, naye Ionie aliijua tangu darasani: hewa ya mmoja ikipungua, wote wanapanda. Na safu ilikuwa bado haijaisha, na meli isingengoja. Ionie alitikisa kichwa. Alimwonyesha ile miti iliyobaki. Aliunganisha viganja viwili, kama anayeomba.

Edsel hakuonyesha juu. Alichomoa kipumulio chake cha akiba, kile kinachobebwa kwa ajili ya mwenzako akikwama, akamkabidhi. Ionie alikitia mdomoni, akaanza kupumua kutoka kwenye mtungi wa Edsel, na hewa yake mwenyewe ikabaki ya kupandia. Edsel alimshika mkanda wa bega, akaanza kupumua polepole sana, kama mtu anayegawa chakula kidogo na kumpa mgeni kipande kikubwa. Wakaenda hivyo, bega kwa bega, mti kwa mti.

Kwenye mti wa mwisho Everard alikuwa amewatangulia. Alikuwa ameingiza mkono katika mfuko wa jaketi lake, akatoa mswaki wa mtoto, wa njano, ungali mpya. Hakuwa amemwambia mtu kwamba ameubeba. Alianza kusugua tawi. Mwani ulipeperuka, plastiki nyeupe ikaonekana chini yake. Alisugua kwa utaratibu, kama alivyokuwa akimsugua Alston meno asubuhi kabla ya zamu, wakati mtoto bado hajui kushika mswaki. Kisha akampa Ionie, naye akasugua. Wakapokezana. Hakuna kilichofufuka. Tawi moja lilikuwa safi tu, basi, na mengine yote yalikuwa bado.

Edsel aliwagusa mabega. Safari hii hawakubisha. Kabla ya kupanda, Everard aliufunga ule mswaki wa njano kwenye shina kwa kamba ya zamani ya mwanawe.

Kwenye gati mama yake Edsel alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwavuli mkononi. Thecla alikuwa mwanamke mfupi, mzee kuliko Ionie, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Hakuuliza wamekuta nini. Alisimama, akachukua taulo begani mwake, akaanza kumfuta Ionie nywele, kwa nguvu na kwa upole, sehemu kwa sehemu, kama mtu aliyekuwa ameisubiri kazi hiyo kwa miaka.

"Umelia vizuri?" aliuliza.

"Nimelia vizuri, dada."

"Umemaliza?"

"Bado."

"Hakuna anayemaliza. Kaa ule."

Ndani ya ndoo kulikuwa na sufuria ya nyama ya mbuzi na sima ya mahindi, bado moto, zimefungwa kwa blanketi. Walikula wakiwa wamekaa kwenye mbao za gati, nguo zao zikichuruzika. Everard aliongezwa mara mbili bila kuomba. Edsel alisema kwamba kesho angekwenda kuisafisha miti iliyobaki, na msimu wa baridi ukija angetundika vipande vipya. Hakusema vitapona. Ionie alimshukuru kwa kutosema hivyo.

"Vipini usiviondoe," alimwambia.

"Siviondoi, Tanta."

Meli ikapiga honi. Watu wa meli walianza kupita karibu yao na mifuko ya zawadi, wakicheka. Everard alijikongoja kusimama, magoti yakalalamika, akampa Ionie mkono. Ionie alimkumbatia Thecla, na yule mama hakumwachia mara moja. Alimshika kidevu, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga akikichungulia kwa macho yake mabovu.

"Mje tena," Thecla alisema. "Lakini msije na hilo limeli. Halina adabu, mgeni hajamaliza kutafuna linampigia kelele. Mje na ndege, mkae. Alston alikuwa anakuja kula kwangu kila Jumapili, na mimi mpaka leo sijajifunza kupika kidogo. Mje mnitembelee tena."